Takwimu au macho: mchezaji wa kikapu apimwe kwa kipi?

Kocha_Daftari

Wakuu heshima kwenu. Nina jambo linanikosesha usingizi wiki ya pili sasa naomba mnisaidie kichwa.

Nafundisha timu ya vijana ya kikapu, si timu kubwa, ni mimi, msaidizi mmoja na daftari langu. Kikosi ni watu 12, nimeshapata 11, nafasi imebaki moja na madogo wako wawili. Dogo A ana wastani wa pointi 14 na ribaundi 6 (kudaka mpira baada ya mtupo kukosa), akishika mpira watazamaji wanasimama. Dogo B ana pointi 4, ribaundi 3, asisti (pasi za kufungisha) hata mbili hazifiki, ukisoma karatasi tu unasema huyu kaja kunywa maji. Ila sasa akiwa uwanjani naona kabisa timu imetulia, wenzake wanapata nafasi nzuri, wapinzani wanahangaika, akitoka tu kelele zinaanza. Msaidizi wangu anasema hesabu haidanganyi, A apewe jezi tufunge mjadala. Mimi nasema macho yangu yameona mpira huu miaka 20, hayawezi kuwa yanaota.

Swali langu sasa, na siongelei timu yangu tu, hata huko NBA, ligi kubwa ya Marekani, ni hivyo hivyo watu wanagombana kila msimu: thamani ya mchezaji inapimwa kwa takwimu au kwa kumwangalia? Karibuni.

jicho_kavu

Mkuu swali lako lilishajibiwa mwaka 1962 sema watu hawasomi historia. Wilt Chamberlain msimu wa 1961/62 alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa mechi, hamsini, na ribaundi 25 na ushee juu yake, na humo humo ndani ya msimu kuna ile mechi ya pointi 100 dhidi ya New York. Sasa MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, alipewa nani? Bill Russell wa Boston, aliyekuwa na pointi 18.9. Na wakati ule kura zilipigwa na wachezaji wenyewe, yaani watu waliokuwa wanakabwa na Russell wakirudi nyumbani na michubuko, sio waandishi wamekaa na vitabu. Mwisho Boston wakamtoa Wilt kwenye mechi ya saba na ubingwa wakabeba. Russell kamaliza na makombe 11 ndani ya misimu 13.

Na kumbuka bloku (kuzuia mtupo) na stili (kumpora mpinzani mpira) NBA hawakuzirekodi rasmi mpaka msimu wa 1973/74, kwahiyo kazi kubwa ya maisha ya Russell haipo kwenye karatasi yoyote rasmi. Ungempima kwa karatasi ungemwacha benchi. Mpe B jezi tukalale.

Hesabu_Tu

jicho_kavu kaka umeanza vizuri ila umejifunga goli mwenyewe. Hapo tatizo sio takwimu, tatizo ni takwimu hazikuandikwa. Ukiniambia mizani ni mbovu kwa sababu hujaweka mzigo juu yake nitakushangaa.

Kocha kabla sijasema lolote nipe kitu kimoja, huyo A pointi 14 anazipata kwa kurusha mara ngapi?

Kocha_Daftari

Anarusha kama 15 kwa mechi, na mitupo huru kama minne.

Hesabu_Tu

Haya sasa tunaongea. Kuna hesabu ndogo ya kupima ufanisi wa kufunga: unachukua pointi, unagawa kwa mara mbili ya (mitupo uwanjani + 0.44 mara mitupo huru). Hiyo 0.44 ipo kwa sababu si kila mtupo huru unamaliza shambulizi, kuna faulo za kufunga na kuongezewa mmoja, kuna wa faulo ya kiufundi nk. Ya dogo lako: 14 gawa kwa 2 × (15 + 1.76), inakuja kama asilimia 42. NBA siku hizi wastani wa ligi nzima uko karibu na 57 hadi 58. Najua vijana hawafiki huko, lakini pima na wenzake hapo hapo kwenye timu, nina wasiwasi utakuta yeye ndiye anayekula mashambulizi mengi na kurudisha kidogo. Yaani pointi 14 sio mali yake, ni mali ya mitupo 15 ya timu ambayo yeye kaitumia.

Unaona? Msaidizi wako hana kosa la kupenda takwimu, kosa lake ni kupenda ile takwimu nyepesi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Pointi kwa mechi ni takwimu ya watazamaji. Na mimi nadhani ndiyo inayoyadanganya macho yenyewe, maana jicho linakumbuka mpira ulioingia na kusahau minane iliyogonga ringi.

Halafu mnaosifia macho mkumbuke Nikola Jokić. Mwaka 2014 kachaguliwa nafasi ya 41 kwenye drafti, ule uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, na pale jina lake linatajwa TV ya Marekani ilikuwa inaonyesha tangazo la chakula. Macho yaliona nini? Mnene, haruki, anakimbia kama anatafuta funguo. MVP 2021, 2022, 2024 na ubingwa wa 2023. Watu wa namba walianza kumpigia kelele mapema kabla watazamaji hawajamwelewa, kwa sababu kila akiwa uwanjani timu yake Denver walikuwa wanafunga zaidi kuliko akiwa nje.

Mzee_wa_Ribaundi

Vijana mnanikumbusha mbali. Ngoja nichomekee la kwetu kidogo maana wote hapa linatuuma, Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet. Drafti ya 2009 kachaguliwa wa pili, Memphis. Wa tatu James Harden. Wa saba Stephen Curry. Nimeshazoea kuisema hiyo sentensi lakini bado inauma.

Sasa kila upande hapa utasema upande wa pili ndio uliokosea, mimi nasema walikosea wote. Macho yaliona nini? Urefu wa futi 7 na inchi 3, mikono inafika kwenye ringi bila kuhangaika, nani atamkataa. Namba ziliona nini? Bloku zaidi ya nne kwa mechi chuoni Connecticut, tuzo za ulinzi. Karatasi na macho vikapeana mkono. Mtoto kaishia wastani wa pointi 2 na kitu NBA, na msimu wa kwanza tu akateremshwa ligi ya maendeleo.

Ila kulikuwa na mechi moja, Februari 2009, Connecticut na Pittsburgh. DeJuan Blair, mfupi kwake kwa kama inchi nane ukikadiria, alimwinua Thabeet wakigombea ribaundi akampindua kwa juu ya bega kama gunia, siku hiyo Blair kamaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Aliyeitazama ile mechi bila kupagawa na urefu aliona kila kitu: kiuno kiko juu sana, miguu haijashika chini, akisukumwa hana pa kushikilia. NBA ni ligi ya kusukumana. Lile jicho lilikuwepo, sema lilizidiwa kelele na urefu. Na mcheki Blair mwenyewe, pamoja na ribaundi zote hizo kaanguka mpaka nafasi ya 37 kwa sababu madaktari walikuta magoti yake hayana zile kano za katikati, hana kabisa, kulia na kushoto. Hilo hakuna jicho la skauti wala karatasi ya mechi ingelisema.

jicho_kavu

Mzee umenitonesha kidonda bila ganzi. Ila umethibitisha hoja yangu, jicho ZURI lingeona.

Hesabu_Tu ngoja nikurudie. Russell Westbrook 2016/17, pointi 31.6, ribaundi 10.7, asisti 10.4, triple-double (mechi ya kufikisha kumi kwenye vipengele vitatu) 42 kavunja rekodi ya Oscar Robertson, MVP kabeba. Nilitazama zile mechi usiku wa manane macho mekundu. Mpinzani anapiga mtupo huru, Steven Adams anamziba mtu kwa mwili halafu anaachia mpira upite kwa Westbrook achukue ribaundi safi bila mtu karibu. Karatasi imeandika Westbrook 1, Adams 0. Nani kafanya kazi pale? Niambie karatasi yako inajua nini kuhusu mgongo wa Adams.

Hesabu_Tu

Karatasi ya zamani haijui, nakubali kabisa kaka. Lakini tangu 2013/14 kila uwanja wa NBA umefungwa kamera juu ya dari zinazofuata wachezaji wote kumi na mpira, zilianza na mara 25 kwa sekunde. Wanajua mtupo ulirushwa mkabaji akiwa umbali gani, ribaundi ipi ilikuwa na ushindani na ipi ya bure, siku hizi hata kuziba kwa mwili wanahesabu. Na haikuwa hila ya wizi ile, timu yake Thunder walipenda Westbrook achukue mpira mwenyewe ili aanze kukimbia hapo hapo bila kusubiri pasi. Msimu ule ule timu ilikuwa inaporomoka akikaa benchi, kwenye mtoano na Houston ndio ikawa aibu kabisa, wanaongoza akiwepo, akipumzika dakika tatu faida yote imeliwa.

MezaYaSkoa

Habari zenu kaka zangu, huwa nasoma tu bila kuchangia ila leo mmenigusa. Mimi kazi yangu mechini ni kukaa mezani na kuandika takwimu. Nawasikiliza mnavyogombana "namba" na "macho" natamani niwaulize, hizo namba mnadhani zinaandikwa na nani? Na mimi. Kwa macho yangu haya.

Asisti ni nini? Pasi iliyopelekea mfungaji kufunga. Sasa mfungaji akipokea, akadribo mara mbili, akamdanganya mkabaji, akafunga, ni asisti? Mimi naandika hapana, mwenzangu wa zamu nyingine anaandika ndiyo. Mpira umeguswa na mikono minne angani, ribaundi ya nani? Naandika yule aliyetua nao. Bloku iliyogusa kidole kimoja? Inategemea nimekaa upande gani na nani kanisimamia mbele. Na kocha akija mezani mapumziko kulalamika kijana wake kaibiwa asisti, nakiri, robo ya tatu mkono unakuwa mwepesi kidogo. Sisemi tunadanganya, nasema ni binadamu.

Hata kwa wakubwa ipo. Michael Jordan mlinzi bora wa 1987/88, stili 259 na bloku 131 msimu mzima, watu walikuja kupitia zile karatasi wakakuta za uwanja wa nyumbani ni nyingi mno kuliko za ugenini. Mimi sikushangaa hata kidogo, nilicheka tu, namjua huyo mwandishi wa mezani bila kumjua.

Kwahiyo kocha mimi nakushauri kitu kingine, takwimu za pointi na mitupo ziamini, mpira ama umeingia ama haujaingia. Asisti, stili na bloku za ligi zetu za vijana zisome kwa jicho moja limefumbwa.

Mzee_wa_Ribaundi

Dada umemaliza kila kitu, mngempa huyu nafasi tangu mwanzo tusingechoka hivi.

Hesabu_Tu

Hoja nzito hiyo, sina pa kukwepea. Ndio maana mimi napenda ile ambayo mwandishi hawezi kuipindisha: plasi-mainasi. Haijali asisti ya nani. Inauliza tu, dogo huyu alipokuwa uwanjani timu ilishinda au ilifungwa kwa pointi ngapi. Shane Battier ndiyo mfano wangu wa siku zote. Houston, pointi chache, ribaundi chache, haruki, lakini timu zikawa bora kila anapocheza. Kumkaba Kobe alikuwa haendi kuuvizia mpira, anaweka kiganja mbele ya macho ya Kobe na kumsogeza mpaka kule anakopata taabu, arushe mtupo mrefu wa pointi mbili. Kobe akikosa, Battier haandikiwi chochote. Baadaye kaenda Miami kabeba makombe mawili, 2012 na 2013.

Kocha una video za mechi? Kama unazo kaa jioni moja, andika kila dogo kaingia dakika ipi matokeo yakiwa ngapi, katoka ngapi. Ila na onyo nakupa kabisa: mechi chache zinaongopa sana, na angalia anacheza NA NANI. Mtu wa benchi akiingia kila mara na nyota wa timu ataonekana malaika. NBA wanalisafisha hilo kwa hesabu kubwa zinazotenganisha mchango wa kila mmoja kati ya wale kumi, na hata hivyo wanahitaji msimu mzima na zaidi ndio zitulie. Wewe huna hiyo, una akili yako tu.

jicho_kavu

Hahaha "una akili yako tu", yaani mwisho wamerudi kwangu.

Na moja la mwisho kabla sijatoka, Houston hao hao wa hesabu, 2018, mechi ya saba na Golden State, mitupo ya pointi tatu 27 mfululizo haikuingia. Ishirini na saba! Wamemaliza 7 kati ya 44. Hesabu ilisema endelea kurusha.

Hesabu_Tu

Houston ya hesabu ilishinda mechi 65 msimu ule usisahau, na Chris Paul alikuwa nje ameumia. Mechi moja haihukumu chochote, bahati mbaya zipo.

jicho_kavu

Bahati gani. Chukua mtu anayekosa 64 kati ya 100, kukosa 27 mfululizo ni kama 1 kati ya 170,000, nimepiga kwenye simu hapa usione nafuga ujinga. Kitu hicho hakitokei kwa bahati mkuu. Kilitokea kwa sababu miguu ilikufa! Kocha wao alikuwa anazungusha watu wachache msimu mzima, ukitazama robo ya tatu mipira inagonga ringi kwa mbele, mbele, mbele. Mpira mfupi ni miguu, kila aliyewahi kucheza anajua. Hesabu yako inachukulia kila mtupo unaanza upya kama sarafu, mwili hauanzi upya.

Hesabu_Tu

Sawa hii nimeipenda. Sikubali yote ila nimeipenda.

Kocha_Daftari

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, nilikuwa na video. Mechi sita, nimekaa na mke wangu anataja matokeo mimi naandika, tumemaliza saa saba usiku hanisemeshi.

Matokeo: dogo B akiwa uwanjani tuko +31 kwa mechi zote sita. Dogo A tuko -12. Nikapiga kelele za ushindi nikataka kumpigia msaidizi simu usiku ule ule. Halafu nikakumbuka onyo la Hesabu_Tu nikarudia, wanaingia na nani. Aisee. B namwingiza karibu kila mara pamoja na point gadi (mpanga mashambulizi) wangu wa kwanza, ni mazoea tu wala sikuwahi kupanga. Nikatafuta dakika ambazo B yuko ndani na point gadi yuko nje, nimepata kama dakika 19 tu kwa mechi zote, humo tuko -3. Yaani ule utulivu niliokuwa nausifia hapa siku zote sijui nusu yake ni wa nani.

Nikatazama tena B peke yake, simfuati mpira, namfuata yeye tu. Kuna vitu nilikuwa sahihi: anaweka skrini (anasimama kumziba mkabaji wa mwenzake) na kukaa hapo mpaka mwenzake apite, anaongea muda wote, mtu wake hapati layapu rahisi. Ila hakuna mpinzani anayemkaba akiwa nje ya mstari, wanamwacha mita tatu wanaenda kusaidia kwingine, na point gadi akiwa hayupo hilo ndilo linatuua. Miaka 20 ya macho sikuwahi kuliona kwa sababu nilikuwa natazama mpira.

Na A nimemfuata hivyo hivyo. Ribaundi zake 6 jicho_kavu utacheka, nilizihesabu, nyingi ni zile ambazo mwenzake alishaziba mtu yeye kaja juu kuchukua, Westbrook mtupu bila ile mbio ya baadaye. Lakini kitu kingine ambacho si mimi wala msaidizi tuliwahi kukisema: ile mitupo 15, kama mitano hivi anarusha saa ya shambulizi imebaki sekunde mbili tatu, wenzake wamemtupia takataka wamekimbia. Ile sio tamaa yake. Nikiitoa mitano hiyo anarusha vizuri tu.

Jumamosi tuna mechi mbili za kirafiki, nimepanga B acheze robo mbili bila point gadi, na A acheze na point gadi kuanzia mwanzo. Dada MezaYaSkoa nimempa msaidizi kalamu, nimemkataza kuandika asisti.

MezaYaSkoa

😂😂 mkataze na bloku.

jicho_kavu

Na mkeo mwombe msamaha kwanza kabla ya Jumamosi, nani atakutajia matokeo?